KUNDI LA NYOTA LILILODHANIWA KUWA NYOTA MOJA



  

Wapenzi wanafunzi, wazazi na walezi, makala hii ni deni ninalolilipa. Miaka kadhaa iliyopita, katika darsa za mwezi wa Ramadhani baada ya sala ya alasiri, nilizungumza juu ya ukubwa wa mbingu. Nilikuwa na kijitabu kikuukuu kilichosema kwamba katika anga ya kusini ipo nyota moja yenye uzito wa Jua zaidi ya 2,000. Niliisoma habari hiyo kwa furaha, nikaiunganisha na aya ya Qur'ani, nikasema: hii hapa dalili iliyo wazi. Darasa zima likaleta takbira.

Siku chache baadaye binti mmoja, ambaye asubuhi anasoma sekondari, alibaki nyuma wenzake walipotoka.

"Ustadh, samahani," aliniambia. "Ile nyota uliyotusomea, mwalimu wetu wa fizikia anasema si nyota moja. Ni kundi la nyota. Na anasema ilijulikana zamani, kabla sisi hatujazaliwa."

Nilimjibu kwamba nitaangalia. Sitaficha, moyoni niliona uzito. Lakini niliangalia, na nikakuta binti yule amesema kweli na mimi nimefundisha kosa. Niliwaeleza wanafunzi nilipowapata. Hata hivyo, baadhi yao walikuwa wamekwisha kurudi kwao baada ya Idi, na habari ile wakaenda nayo kwa wazazi wao. Kwa hiyo leo nawaandikia wote. Tutajifunza nyota hizo ni zipi hasa, zilichunguzwaje, na kosa lile linatufundisha nini.

1. KUNDI LA NYOTA NI NINI?

Wengi wetu tunakijua Kilimia, ambacho kwa Kiarabu huitwa Thurayya. Wakulima wa kwetu walikitazama kujua majira ya kulima. Ukikitazama kwa macho matupu utahesabu nyota sita hivi, na mwenye macho makali ataona zaidi kidogo. Kumbe Kilimia kina nyota zaidi ya 1,000 zilizozaliwa pamoja kutoka katika wingu moja la gesi na vumbi. Umri wake ni kiasi cha miaka milioni 100. Huo unaweza kuonekana ni umri mkubwa, lakini Jua letu lina miaka kama bilioni 4.6. Kwa hesabu za nyota, Kilimia ni kijana.

Wataalamu wa falaki, yaani elimu ya nyota, huliita kundi kuwa ni "changa na zito" likiwa na sifa mbili. Kwanza, umri wake usizidi miaka milioni 100 hivi. Pili, nyota zake zote kwa pamoja ziwe na uzito wa Jua 10,000 au zaidi. Kilimia hakifiki hapo, kwa kuwa uzito wake hata Jua 1,000 haufiki. Kundi tunalolizungumzia leo limepita mpaka huo kwa mbali. Jina lake ni R136.

2. LIKO WAPI KUNDI HILI?

R136 halimo katika galaksi yetu. Limo katika galaksi ndogo iliyo jirani yetu, iitwayo Wingu Kubwa la Magellan. Jina hilo linatokana na baharia Magellan, ambaye msafara wake uliizunguka dunia kuanzia mwaka 1519 hadi 1522. Sisi wa Afrika Mashariki tuna bahati, kwani Wingu hilo tunaweza kuliona. Kuanzia Desemba hadi Februari, mapema usiku, nenda mahali penye giza pasipo taa wala mbalamwezi, utazame kusini. Itafute kwanza nyota kali ya Suheli. Kisha shuka chini yake, kuelekea upeo wa macho. Utaona kitu kama kipande kidogo cha wingu jeupe ambacho hakiondolewi na upepo.

Waarabu wa kale walipata habari zake. Mwanafalaki Abdur-Rahman as-Sufi, katika kitabu chake cha nyota cha mwaka 964, alitaja vitu vyeupe vilivyo chini ya Suheli, visivyoonekana Iraki, ambavyo watu wa Tihama walivyaita al-Baqar, yaani ng'ombe. Wanahistoria wengi wanaona kuwa hapo alikuwa akitaja Wingu hili. As-Sufi aliishi Uajemi, kaskazini mno, hivyo hakuweza kuliona mwenyewe. Basi alifanya nini? Aliiandika habari kama alivyoipokea, kisha akasema wazi kwamba hajui kama ni ya kweli au si ya kweli. Tafadhali likumbukeni jambo hilo, tutalirudia mwishoni.

Wingu hilo liko mbali nasi kiasi cha miaka ya mwanga 160,000. Mwaka wa mwanga ni umbali ambao mwanga husafiri kwa mwaka mmoja, nao mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde. Mwanga wa Jua hutufikia kwa dakika 8 na kitu. Mwanga wa R136 hutufikia baada ya miaka 160,000. Ukilitazama leo, unaona lilivyokuwa wakati huo, na si lilivyo hivi sasa.

Ndani ya Wingu hilo mna wingu jingine la gesi inayong'aa, ambalo limepewa jina la buibui mkubwa mwenye manyoya: Tarantula. R136 limekaa katikati ya Tarantula, kama buibui katikati ya utando wake.

3. KARABAI ZA WAVUVI

Kwa nini kundi zima lilidhaniwa kuwa nyota moja? Tuchukue mfano wa hapa kwetu. Simama ufukweni usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wakiwa mbali baharini na karabai zao. Utaona mwanga mmoja tu juu ya maji. Ukiulizwa karabai hiyo ina nguvu kiasi gani, utasema ni kubwa ajabu, mpaka inaonekana kutoka huku! Sasa panda mashua uwafuate. Kadiri unavyokaribia, mwanga ule mmoja unakuwa miwili, kisha mitano, kisha kumi. Hapo unagundua kuwa hapakuwa na karabai kubwa ajabu. Palikuwa na mitumbwi mingi iliyokaa karibu karibu.

R136 hatuwezi kulifuata kwa mashua. Tunachoweza ni kutengeneza jicho kali zaidi. Hapo pana vikwazo viwili. Cha kwanza ni udogo wa kioo cha darubini, kwani kioo kidogo hushindwa kutenganisha nuru mbili zilizokaribiana. Cha pili ni angahewa, yaani hewa iliyotuzunguka. Hewa hutikisika daima, na hiyo ndiyo sababu nyota humetameta. Mtikisiko huo huivuruga picha. Kwa hiyo wataalamu waliamua kuipeleka darubini juu ya hewa.

4. MWAKA 1981 NA MWAKA 1985

Mwaka 1978 ilirushwa darubini ya angani iitwayo IUE. Ilipima miali ya urujuanimno, ambayo angahewa huizuia isitufikie kwa wingi. Kioo chake kilikuwa kidogo, sentimita 45 tu. Mwaka 1981 wataalamu walioitumia walitangaza kwamba kitovu cha R136 kinatoa miali mikali mno, na kwamba huenda ni nyota moja yenye uzito wa Jua kama 2,500. Hiyo ndiyo habari iliyokuwa katika kijitabu changu.

Watu hawa hawakuwa waongo. Walipima vizuri wingi wa mwanga. Lakini jicho lao halikuweza kutenganisha, kama wewe uliyesimama ufukweni.

Mwaka 1985 wataalamu wawili wa Ujerumani, Weigelt na Baier, walitumia darubini iliyoko nchini Chile na njia maalumu ya kupiga picha nyingi za haraka haraka ili kuushinda mtikisiko wa hewa. Ile "nyota moja" ikagawanyika ikawa nyota nane. Tangu mwaka huo, habari ya nyota moja ya uzito wa Jua 2,500 imekwisha. Nami niliisimulia kama habari mpya, miaka mingi baada ya hapo!

5. HUBBLE: JICHO LILILOHITAJI MIWANI

Tarehe 24 Aprili 1990 Marekani na nchi za Ulaya zilirusha darubini ya Hubble, yenye kioo cha upana wa mita 2.4. Matumaini yalikuwa makubwa. Lakini picha za kwanza zilipofika, zilikuwa na ukungu. Kioo kilikuwa kimesuguliwa kwa makosa. Ukingo wake ulipungua kwa kipimo kidogo mno, kama sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Kosa dogo kama hilo liliharibu ukali wa darubini nzima.

Wahusika walikiri kosa mbele ya dunia, wakatafuta dawa yake. Mwezi Desemba 1993 wanaanga waliifuata hukohuko juu, wakaiwekea vifaa vya kurekebisha nuru, mfano wa mtu anayepewa miwani. Baada ya hapo Hubble ililitazama R136 na kuonesha nyota zaidi ya 3,000 mahali ambapo zamani palionekana nukta moja.

Mwaka 2016 wataalamu walioitumia Hubble kuchambua miali ya urujuanimno ya kundi hilo walitangaza kuwa ndani yake zimo nyota tisa ambazo kila moja ina uzito unaozidi Jua 100. Hizo tisa kwa pamoja zinang'aa mara milioni 30 kuliko Jua.

Iliyo nzito kuliko zote huitwa R136a1. Tazameni jinsi kipimo chake kilivyobadilika. Mwaka 2010 ilikadiriwa kuwa na uzito wa Jua 265. Mwaka 2022 darubini ya Gemini ya Kusini, iliyoko Chile, ilipata picha kali zaidi, na makadirio yakashuka hadi kati ya Jua 170 na 230. Sababu ni ileile ya karabai: nuru ya majirani ilikuwa imehesabiwa kuwa ni yake. Hata hivyo, bado ni miongoni mwa nyota nzito kuliko zote zinazojulikana.

6. WEBB: JICHO LINALOPENYA VUMBI

Hubble nayo ina mpaka wake. Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya vumbi, na vumbi huuzuia mwanga wa kawaida. Tarehe 25 Desemba 2021 ilirushwa darubini ya James Webb. Kioo chake kina upana wa mita 6.5, nacho kimeundwa kwa vipande 18. Iko kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, nyuma ya mwavuli wa tabaka tano unaoikinga na joto la Jua. Webb huona miali ya infraredi. Miali hiyo hatuioni kwa macho, lakini hupenya vumbi kwa urahisi zaidi.

Mwezi Septemba 2022 ilitolewa picha ya Webb ya wingu la Tarantula. Zilionekana makumi ya maelfu ya nyota changa ambazo hazikupata kuonekana kabla, kwa kuwa zilifunikwa na vumbi. Tena kulikuwa na nyota moja iliyodhaniwa kuwa imekwisha kutoka katika vumbi lake la kuzaliwa. Webb ilionesha kuwa bado imo ndani, ndiyo kwanza inaanza kujitokeza. Makadirio ya zamani yakasahihishwa tena.

7. KWA NINI WANAZICHUNGUZA?

Mtu anaweza kuuliza: faida yake nini? Faida ya kwanza ni kujua maisha ya nyota. Mtu angedhani nyota nzito, yenye kuni nyingi, itaishi muda mrefu. Ni kinyume chake. Nyota nzito huunguza haidrojeni yake kwa kasi kubwa, na uhai wake ni miaka milioni chache tu, ilhali Jua limejaaliwa uhai wa miaka kama bilioni 10. R136 lina umri wa miaka milioni moja au mbili. Ndiyo maana nyota zake nzito bado zipo na zinaweza kuchunguzwa. Katika makundi ya zamani zilikwisha kufa.

Faida ya pili ni kujua kifo chao. Nyota nyingi nzito hufa kwa mlipuko mkubwa. Mwezi Februari 1987 nyota moja, katika Wingu hilohilo la Magellan, jirani na Tarantula, ilionekana ikilipuka, na watu wa nusu ya kusini ya dunia waliiona kwa macho matupu. Mlipuko wa namna hiyo hutawanya angani vitu vilivyopikwa ndani ya nyota, na kimojawapo ni oksijeni. Sehemu kubwa ya oksijeni tunayoivuta ilitengenezwa ndani ya nyota nzito zilizokufa kabla ya Jua letu kuwepo. Subhanallah! Hewa hii ya kila siku ina historia ndefu namna hiyo.

8. TUNAJIFUNZA NINI?

Katika Suratul Mulk, aya ya 3 na ya 4, Mwenyezi Mungu (S.W.) anatutaka tuutazame uumbaji wake, kisha turudishe jicho tena na tena, tuone kama tutapata kasoro yoyote. Anatueleza kwamba jicho litarudi limechoka wala halikuona kasoro. Nilipoyafuatilia mambo ya R136 niliifikiria sana aya hiyo. Mbingu hazikubadilika kati ya mwaka 1981 na mwaka 2022. Kasoro ilikuwa katika macho ya watazamaji, tena mara nyingine katika kioo chenyewe. Waliorudisha jicho walisahihishwa. Mimi sikulirudisha, nikabaki na kosa.

Kutokana na hayo, naomba tushike mambo manne:

(a) Tuhakikishe habari kabla ya kuipeleka. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamrisha tuchunguze habari tunazoletewa tusije tukajuta. Hili ni muhimu zaidi siku hizi, ambapo picha za nyota hutumwa kwenye simu zikiwa na maneno ambayo hayakusemwa na aliyezipiga.

(b) Tusiufunge ukweli wa Qur'ani kwenye hesabu za wataalamu. Hili ndilo kosa langu kubwa, na ni kubwa kuliko lile la hesabu. Niliwaambia wanafunzi kuwa nyota ya Jua 2,000 ni dalili ya aya. Je, mtoto aliyeniamini akisikia kesho kwamba nyota hiyo haipo, atasema nini juu ya aya? Qur'ani haikukosea. Aliyekosea ni mwalimu aliyeibebesha jambo ambalo haikulisema. Tuitazame mbingu ili tutafakari na tumshukuru Muumba, na tuziache hesabu za wataalamu zisahihishwe na wataalamu.

(c) Tusione haya kusema "sijui" au "nilikosea". As-Sufi alisema hajui, na elimu yake imedumu kwa zaidi ya miaka 1,000. Walioitengeneza Hubble walikiri kosa, wakapata jicho zuri.

(d) Mdogo akisema kweli, apokewe. Yule binti alinisahihisha kwa adabu: alisubiri wenzake watoke, akaanza kwa kuomba samahani. Hakunivunjia heshima, bali aliniokoa nisiendelee kufundisha kosa. Wazazi, mtoto akija nyumbani na swali au sahihisho, msimkemee. Msikilizeni, kisha tafuteni pamoja naye.

9. MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja sifa mbili za kundi la nyota lililo changa na zito. Kwa nini Kilimia hakihesabiwi humo?
2. Eleza kwa mfano wa karabai kwa nini R136 lilidhaniwa kuwa nyota moja.
3. Kwa nini darubini hupelekwa juu ya angahewa?
4. Webb inaona nini ambacho Hubble ilishindwa kukiona, na kwa sababu gani?
5. Nyota nzito na nyota nyepesi, ipi huishi muda mfupi? Kwa nini?

Kazi ya nyumbani: Usiku usio na mbalamwezi, tazama Kilimia pamoja na mzazi au ndugu. Kila mmoja ahesabu nyota peke yake na aandike idadi kabla ya kumwambia mwenzake. Kisha linganisheni. Mkitofautiana msibishane: tazameni tena.

Hitimisho: ninawaomba wale waliokuwapo katika darsa ile ya Ramadhani, popote walipo, wawafikishie sahihisho hili wale waliowasimulia. Namshukuru pia binti yule, ambaye sikumtaja jina kwa ombi lake mwenyewe. Tunamuomba Mwenyezi Mungu (S.W.) atuzidishie elimu yenye manufaa, atupe unyenyekevu wa kuipokea haki kutoka kwa yeyote, na atusamehe tuliyoyakosea kwa kujua na kwa kutojua. Amin.